"Sorry" si samahani tu: neno moja la Kiingereza lililonitia aibu mbele ya wafiwa

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi. Leo naliandika kwa sababu naliona linajirudia kwa watu wengi wanaotumia Kiingereza kila siku kazini na kwenye simu zao.

Kuna wakati niliitwa kukalimani hospitalini. Haikuwa kazi yangu rasmi. Daktari alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, ndugu wa mgonjwa hawakujua Kiingereza, mimi nikawekwa katikati. Mzee wao alikuwa amefariki alfajiri. Daktari akawaita pembeni, akavua miwani, akasema kwa sauti ya chini: "I'm very sorry. We did everything we could." Nami bila kufikiri nikageuza: "Daktari anaomba msamaha sana. Walifanya kila walichoweza."

Pakawa kimya. Kisha mtoto mkubwa wa marehemu akanigeukia mimi, si daktari. "Anaomba msamaha wa nini? Wamemfanya nini baba?"

Hapo nikajua nimeharibu. Nikasema haraka, hapana kaka, anawapa pole, ndivyo wanavyosema kwao. Lakini shaka ikishamwingia mfiwa haitoki kwa somo la lugha. Daktari alikuwa ananitazama, haelewi kwa nini nyuso zimebadilika. Ilibidi akae nao muda mrefu, akieleza hatua kwa hatua usiku ule ulivyokwenda, nami nikitafsiri kwa woga, kila neno nikilipima kabla halijatoka. Mwisho walielewana. Lile swali mimi sijalisahau.

Chanzo cha kosa langu ni darasani. Tulifundishwa "sorry" ni samahani, basi. Kumbe Kiingereza kimefungasha ndani ya neno moja mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga: pole na samahani. Ukimwambia mtu pole, umeona ameumia na uko upande wake; hujasema ni nani aliyemuumiza. Ukimwambia samahani, umejitaja wewe mwenyewe: mimi ndiye niliyekosea, au mimi ndiye ninayekusumbua. Mwingereza anasema "sorry" kwa yote mawili, na anakuachia wewe msikilizaji ujue ni ipi kwa hali iliyopo na kwa maneno yanayofuata.

Naomba tulijadili neno hili peke yake. Wenye mifano waje nayo.

#2 Mchangiaji

Pole sana mkuu kwa tukio hilo, na hapa nasema pole kwa maana yake kamili. Ila nina swali. Hiyo maana ya pole si imeongezwa tu baadaye? Mimi naona kama watu walichukua neno la kuomba msamaha wakalilegeza mpaka likaanza kutumika misibani.

#3 Mleta uzi

Ni kinyume chake mkuu, na nilipolifuatilia hili ndipo nililipenda neno lenyewe. Maana ya maumivu ndiyo kongwe. Ya msamaha imekuja kupanda juu yake.

Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", mtu mwenye uchungu, na lilizaliwa na "sar", maumivu au kidonda. Hilo "sar" ndilo "sore" la leo: anayesema ana "sore throat" koo linamuuma. Kwa hiyo ukilichimba mpaka chini, anayesema "I am sorry" anasema "nina kidonda", "kuna kitu kinaniuma". Wengi hudhani limetokana na "sorrow", huzuni. Sivyo. "Sorrow" ina mzizi wake, "sorg", ambao Wajerumani bado wanao katika "Sorge", yaani wasiwasi. Maneno haya mawili yamekaa jirani karne nyingi hadi yakaambukizana sura na maana, lakini hayakuzaliwa nyumba moja. Ndugu wa "sorry" huko Ujerumani ni "sehr". Leo maana yake ni "sana" tu, lakini zamani lilibeba maana ya maumivu.

Sasa tazama jinsi msamaha ulivyoingia. Nimekukosea, na kosa lile linaniuma, basi nakwambia kwamba naumia. Ndiyo "I am sorry" ya mkosaji. Baadaye watu wakafupisha, wakaangusha "I am", likabaki "Sorry!" peke yake kama tamko la kuomba radhi. Matumizi hayo ya neno tupu ni ya karne ya 19. Kwa neno lenye umri wa zaidi ya miaka elfu, ni ya juzi.

Linganisha na samahani yetu. Mzizi wake ni Kiarabu, ule ule wa kusamehe na msamaha, na ndani yake tangu mwanzo kuna mtu wa pili anayeombwa atoe kitu. "Sorry" halimwombi mtu chochote. Linaeleza tu hali ya anayesema. Ndiyo maana Mwingereza anaweza kusema "I'm sorry" kisha akaongeza "please forgive me" bila kujirudia: kwanza ametaja kidonda chake, halafu ndipo ameomba. Sisi tukisema "samahani, naomba unisamehe" tunakuwa tumeomba mara mbili.

Mwanafalsafa J. L. Austin aliligusa hili kwenye mihadhara yake ya Harvard mwaka 1955. Alisema anayetamka "I apologise" hasimulii kitu, bali kwa kutamka huko anakuwa ameshaomba radhi. Anayesema "I repent" anaeleza kilichomo moyoni. "I am sorry" akaliweka katikati, nusu maelezo na nusu tendo. Nadhani lile swali la mtoto wa marehemu lilitoka kwenye nusu hizo mbili. Daktari alieleza, mimi nikamfanya atende.

Nisisahau maana moja kongwe inayowapotosha wanafunzi. Neno hili likitangulia nomino, si pole wala samahani. "The house was in a sorry state" ni nyumba ilikuwa hoi. "A sorry excuse" ni kisingizio dhaifu kinachotia aibu. Hapo tafsiri yake ni duni, hoi, ya kusikitisha.

#4 Mchangiaji

Uzi umenigusa. Nilipoanza kazi nilipangwa na mwenzangu kutoka ng'ambo. Siku ya kwanza akajikwaa kwenye waya, makaratasi yote chini. Nikasema "Sorry! Sorry!" huku nimeshainama namwokotea. Akaniangalia, akasema "Why? You didn't do anything." Nilihisi kama nimempa kitu akakirudisha. Kwa miezi kadhaa nilimhesabu kuwa mtu mkavu. Kumbe tatizo lilikuwa neno?

#5 Mleta uzi

Lilikuwa neno, ndugu yangu. Wewe ulimpa pole kwa Kiingereza, yeye akasikia samahani, akashangaa unajitwisha kosa lisilo lako. Kwa nia yake alikuwa anakutua mzigo.

Na usijione umekosea peke yako. Kiingereza kinachosemwa Kenya, Nigeria, Ghana na kwingineko Afrika kinalitumia "sorry" hivyo hivyo, kumwambia mtu aliyejikwaa, aliyeangusha kitu, aliyepaliwa na maji. Wanaisimu wameliandika kama tabia ya Kiingereza hicho. Lugha zetu nyingi zina neno la pole, na midomo yetu imelivusha mpaka huko. Mimi siliiti kosa. Ukizungumza na Mghana utaeleweka mara moja.

Mwingereza na Mmarekani nao wana "sorry" ya huruma, ila kwao inakaa kwenye habari nzito na mara nyingi inakuja na maneno mengine: "I'm so sorry" akisikia msiba, "I'm sorry to hear that" akiambiwa umeugua au umekosa kazi. Kwa mtu aliyejikwaa mbele yake, "Sorry!" fupi kwa sikio lake ni kukiri kwamba wewe ndiye uliyeutega ule waya. Yeye angeuliza hali: "Are you all right?" Ukitaka pole yako imfikie, muulize hivyo huku unaokota. Huruma atakuwa ameiona.

Kwa hiyo mimi huwa najiambia hivi: "Sorry" fupi ni samahani, "I'm sorry" yenye mkia inaweza kuwa yoyote kati ya mbili. Si sheria ya chuma, ila imeniokoa mara nyingi.

Niongeze moja ninayoipenda sana. Katika Kiingereza cha Waaborijini wa Australia, kipindi cha maombolezo na shughuli zote za msiba huitwa "sorry business". Mtu akiaga kwamba anakwenda "sorry business", anakwenda msibani, na hakuna anayeomba msamaha kwa lolote. Huko neno limerudi kwenye kidonda lilikotoka.

#6 Mchangiaji

Nashukuru kwa elimu. Kinachonisumbua mimi ni vineno vinavyofuata: "sorry for", "sorry to", "sorry about". Nabahatisha tu. Na kuna siku mwenzangu wa kazini alifiwa, nikamwandikia "I feel sorry for you". Alisoma, hakujibu. Ulikuwa ndio mwisho wa mazoea yetu.

#7 Mleta uzi

Pole. Nianze na hilo la mwisho maana ndilo linaloumiza.

"I feel sorry for you" ni nakuonea huruma. Hata kwa Kiswahili, jaribu kumwambia mfiwa "nakuonea huruma" badala ya "pole kwa msiba". Unakuwa umesimama juu na yeye yuko chini. Kiingereza ni vivyo hivyo, tena ni vibaya zaidi, kwa sababu sentensi hiyo hiyo hutumika kwa dharau, mtu akimwona mwenzake mjinga au mwenye roho mbaya. Ulichotaka kusema ni "I'm sorry for your loss". Tofauti iko kwenye kinachofuata "for". Ukitaja msiba, umesimama naye kwenye msiba. Ukimtaja yeye, umemgeuza yeye kuwa ndiye cha kuhurumiwa.

Sasa vineno.

"Sorry for" ikifuatwa na tendo lako au matokeo ya tendo lako ni samahani: "sorry for shouting", samahani kwa kukufokea, "sorry for the delay", samahani kwa kuchelewesha. Ikifuatwa na pigo lililompata mwingine ni pole.

"Sorry about" ni nyepesi kidogo na inafaa kwa jambo au hali. "Sorry about the noise" anasema aliyepiga kelele. "I'm sorry about your father" anasema anayekupa pole. Sentensi mbili, kineno kile kile, na hakuna Mwingereza anayechanganyikiwa, kwa sababu kila mtu anajua nani alipiga kelele na nani hakumuua baba wa mtu. Hapa ndipo penye siri nzima: jiulize nani ameumia na nani amesababisha. Kama msemaji ndiye aliyesababisha, tafsiri ni samahani. Kama hakusababisha, ni pole. Ningejiuliza hivyo siku ile, ningeokoa mengi.

"Sorry to" hufuatwa na kitenzi, nayo mara nyingi ni ya jambo linalotokea sasa hivi: "sorry to bother you", samahani nakusumbua, "sorry to hear that", pole, nimesikitika kusikia. Angalia tofauti hii ndogo. "Sorry to keep you waiting" inasemwa na anayekuomba uendelee kusubiri au ndiyo kwanza anakufikia. "Sorry for keeping you waiting" inatazama nyuma, kusubiri kumeshakwisha.

Halafu kuna njia rahisi kuliko zote ambayo hatuitumii vya kutosha: sentensi nzima baada ya neno. "Sorry I'm late." "I'm sorry you're not feeling well." Haina kineno cha kukosea. Watu wengi huandika "sorry for late", na hiyo haipo, maana "late" si nomino. Sema "sorry I'm late" na umemaliza. Vilevile "am sorry" ninayoiona kila siku imepoteza kichwa. Kiswahili kinabeba mtenda ndani ya kitenzi, "ni" iko ndani ya "nimesikitika", lakini Kiingereza hakibebi. Andika "I'm" au "I am".

Na "sorry, but". Ukiona "I'm sorry, but", usishangilie sehemu ya kwanza. Linalokuja ni katazo. "I'm sorry, but we can't accept this" ni tumekataa, tunakwambia kwa upole.

#8 Mchangiaji

Niongeze mawili matatu ya mtaani. "Sorry?" ikipandishwa sauti mwishoni ni "unasemaje?", hujasikia, unaomba arudie. Nilipokuwa mgeni wa lugha nilidhani mtu ananiomba radhi, nikawa namjibu "no problem" naye anaendelea kunikodolea macho akisubiri nirudie.

Nyingine ni ya kujisahihisha katikati ya maneno: "on Tuesday, sorry, Wednesday". Hiyo ni kama sisi tunavyosema "Jumanne, aa, Jumatano".

Na "you'll be sorry" si pole hata kidogo. Ni kitisho: utajuta.

Kwa matamshi, Mwingereza anasema kama "sori" fupi, Mmarekani anaelekea "sari", na Mkanada anaivuta "o" kama ya "sore". Ukishajua asili aliyoieleza mleta uzi, Mkanada anachekesha masikio kwa uzuri: yeye bado analitamka neno kama kidonda chenyewe.

#9 Mchangiaji

Mimi nina kinyongo na "sorry" za wakubwa. Taasisi inafanya kosa, kisha inatoa taarifa: "We are sorry if anyone was offended." Nikisoma nabaki na hasira kuliko mwanzo, lakini sijui kuonyesha kosa liko wapi, maana neno la msamaha limo.

#10 Mleta uzi

Kosa liko kwenye "if". Ukisema "sorry that we hurt you" umekubali kwamba mtu ameumia na ni wewe. Ukisema "sorry if anyone was offended" umeweka shaka kama kuna aliyeumia, na ukamficha aliyeumiza kwa kitenzi cha kutendwa. Kilichobaki ni pole, tena pole yenye masharti, imevishwa nguo za samahani. Hasira yako ni ya haki. Uliomba kukiri ukapewa huruma.

Na mwanya huu kati ya pole na samahani umewahi kutumiwa na mataifa makubwa kwa makusudi. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya jeshi la majini la Marekani, EP-3, iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, alipotea na kufa. Ndege ya Marekani ikatua Hainan bila ruhusa, na watu wake 24 wakashikiliwa siku 11. China ilidai iombwe radhi. Marekani ilikataa kuomba radhi, kwa msimamo kwamba haikuwa na kosa. Mkwamo ukafunguliwa na barua ya balozi wa Marekani, Joseph Prueher, ya tarehe 11 Aprili, ambamo "very sorry" ilitumika mara mbili: moja kwa familia ya rubani na watu wa China kwa kifo kile, na moja kwa kuingia anga ya China na kutua bila kibali cha maneno. Marekani ikawaambia watu wake kwamba hiyo si radhi. Upande wa China ukaitafsiri kwa maneno "shenbiao qianyi", ambayo ni kuomba radhi kwa dhati. Kila upande ukaondoka na nusu yake ya neno, na wale 24 wakarudi kwao. Kama barua ile ingeandikwa kwa Kiswahili, mwandishi angelazimika kuchagua kati ya pole na samahani, na sijui angeponea wapi.

Mfano wa pili unaniuma zaidi. Australia, kwa miongo mingi, serikali iliwachukua watoto wa Waaborijini kutoka kwa wazazi wao. Tarehe 26 Agosti 1999 bunge lilipitisha azimio lililotaja "deep and sincere regret", majuto ya dhati, lakini neno "sorry" halikuwekwa. Watu waliona tofauti mara moja. Mei 2000 umati mkubwa ulitembea juu ya daraja la bandari ya Sydney, na ndege ikaandika angani neno moja: Sorry. Walikuwa wanadai neno lile lile. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd alisimama bungeni akatumia yote mawili, "we apologise" kwa sheria na sera zilizofanya hayo, na "we say sorry" mara tatu kwa uchungu wa waliochukuliwa na waliobaki bila watoto. Soma tena mgawanyo huo. Kosa likapata neno la kukiri, na kidonda kikapata neno la kidonda.

#11 Mchangiaji

Mleta uzi umenifungua macho. Mimi nipo huduma kwa wateja, tunaandika Kiingereza kutwa nzima. Tulipewa maelekezo tusiandike "sorry" kwa mteja, eti ni kukiri kosa na anaweza kutushtaki. Matokeo yake barua zetu zimekuwa za chuma. Hili lina ukweli kisheria?

#12 Mleta uzi

Hofu hiyo ipo sehemu nyingi, na baadhi ya nchi zimetunga sheria kuiondoa. Uingereza, Compensation Act ya 2006, kifungu cha 2, inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Kanada, jimbo la British Columbia lilipitisha Apology Act mwaka 2006, na Ontario ikafuata 2009. Sheria ya Ontario inalitaja neno lenyewe: kusema mtu yuko "sorry" hakuhesabiwi kuwa kukiri kosa, iwe ni maneno ya kujutia au ya kumhurumia aliyeumia. Yaani bunge zima liliona kwamba neno hili lina vyumba viwili, likaamua kuvilinda vyote ili watu waendelee kuambiana. Massachusetts kule Marekani walianza mapema zaidi, 1986, kwa kulinda maneno ya huruma kwa aliyepata ajali. Kwenu sheria ikoje, muulizeni mwanasheria wenu, lakini si kweli kwamba duniani kote neno hili ni kitanzi.

Kwa barua zenu, uchungu wa mteja mnaweza kuutaja bila woga: "I'm sorry you had to wait so long." Hiyo inasema tumeona ulivyoumia. Kama kosa ni lenu na mnalijua, liandikeni kwa jina lake: "We sent you the wrong bill, and I apologise." Kinachowaua wateja ni ile ya katikati, "we are sorry for any inconvenience caused". Hiyo "any" inafanya kazi ile ile ya "if": inasema hatujui kama kuna usumbufu wowote uliotokea. Mteja ametoka kukusimulia usumbufu wake kwa kurasa mbili. Mwambie huo huo.

#13 Mchangiaji

Samahani kuingilia. Bosi wangu, ni mgeni, amefiwa na mama yake juzi. Nimeandika hivi, naomba mnirekebishie kabla sijatuma:

"Am very sorry for your lost. We feel sorry for you and your family. Sorry again."

#14 Mleta uzi

Umefanya vizuri kuuliza kwanza. Tuipitie polepole.

"Am" iwe "I am". "Lost" ni kitenzi au kivumishi, kupotea au aliyepotea. Msiba ni "loss". Kosa hili la herufi moja naliona kwenye salamu nyingi mno za rambirambi, na linasikitisha kwa sababu moyo wa mwandishi ni mzuri. "We feel sorry for you" itoe kabisa, kwa sababu tuliyoyasema juu. Na "sorry again" ndiyo hatari zaidi: pole hairudiwi namna hiyo kwa Kiingereza. "Sorry again" husemwa na aliyekosea anapoaga. Bosi wako akiisoma atajiuliza ulimkosea nini, na siku hizi hahitaji swali hilo.

Andika: "I am so sorry for your loss. I am thinking of you and your family." Inatosha. Usiongeze maelezo, usiulize alikuwa anaumwa nini. Kama ulimfahamu mama yake, ongeza sentensi moja ya unachokumbuka, hiyo itakuwa na thamani kuliko "very" kumi.

Na hapa kuna kipimo cha kujua kama ujumbe umefika ulivyokusudia. Kwetu, aliyepewa pole hujibu asante, au "nimeshapoa". Aliyeombwa samahani hujibu "bila samahani" au "hakuna neno". Kiingereza kina njia mbili hizo hizo. Pole hujibiwa "thank you". Samahani hujibiwa "that's all right", "no problem", "don't worry about it". Angalia atakachojibu.

#15 Mchangiaji

Nimetuma kama ulivyoandika. Nikaongeza kwamba mama yake aliwahi kututembelea ofisini akatusalimia mmoja mmoja kwa kutushika mikono.

#16 Mchangiaji

Kajibu sasa hivi. "Thank you. She remembered all of you too."